Ada ni Sehemu Ndogo: Kuhesabu Gharama za Kusomea Ususi na Urembo Karagwe na Kyerwa

Mzazi wa Nyaishozi au wa Nkwenda anapotaka kumsomesha binti yake kazi ya saluni, swali lake la kwanza huwa ni ada. Ni shilingi ngapi? Swali ni la haki, ila halitoshi, na mara nyingi ndilo linalompeleka mtu mahali pasipomfaa. Ada inajulikana mapema, imeandikwa kwenye karatasi, na ni rahisi kulinganisha ya chuo hiki na ya kile. Kinachomrudisha mwanafunzi nyumbani kabla ya kumaliza ni vile visivyoandikwa: chakula, chumba, nauli, kichwa cha bandia cha kufanyia mazoezi, rasta na dawa za nywele, malipo ya mtihani, na baada ya hayo yote, kiti, kioo na draya ya kuanzia kazi. Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja. Gharama ya kusomea ususi na urembo ihesabiwe tangu siku mwanafunzi anapotoka nyumbani hadi siku mteja wa kwanza anapomlipa, na msaada wa fedha nao utafutwe kwa urefu huohuo wa safari. Ukihesabu hivyo, chuo kilichoonekana rahisi chaweza kugeuka ghali, na msaada uliodhani haupo utaukuta mahali ambapo hukupatazama.

Tuanze na ada yenyewe. Katika vyuo vya VETA, ada ya kozi ndefu imekuwa kwa miaka mingi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 120,000 kwa mwanafunzi wa bweni. Hakuna chuo kinachoweza kumlipa mwalimu, kununua vifaa na kuwasha umeme kwa fedha hiyo. Pengo hilo linazibwa na umma, kwa bajeti ya serikali na kwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi ambayo waajiri hulipa kutokana na mishahara ya wafanyakazi wao, tozo iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Sehemu ya tozo hiyo huelekezwa VETA. Kwa hiyo kila anayesoma kozi ndefu ya VETA tayari ni mfadhiliwa, hata kama hakuna aliyemwandikia barua ya ufadhili. Nalisisitiza hili kwa sababu familia nyingi huhangaika kutafuta mfadhili wa kulipa ada ya laki kadhaa katika chuo cha mbali, huku zikipita mbele ya mlango ambao sehemu kubwa ya gharama imeshalipwa.

Mkoa wa Kagera una chuo cha VETA Karagwe, na una chuo kikubwa cha mkoa kilichojengwa Burugo, kata ya Nyakato, nje kidogo ya mji wa Bukoba, kwa msaada wa China, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua Oktoba 2022. Kwa Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ufuatilie mpango wa serikali wa kujenga vyuo vipya 64, yaani 63 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe. Ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ndiyo ya kukueleza chuo cha karibu nawe kimefikia wapi na kimeanza na fani zipi. Tahadhari moja hapa ni ya lazima: vyuo hivi havifanani kwa fani. Kimoja kina ususi na urembo, kingine kina ushonaji, umeme na magari tu. Uliza kwanza kama fani unayoitaka ipo, kisha uliza inatolewa kama kozi ndefu inayoishia kwenye tuzo ya taifa ya ufundi stadi, yenye ngazi ya I hadi III, au kama kozi fupi ya wiki au miezi michache. Kozi fupi ina bei yake, na bei hiyo si ile 60,000 ya mwaka. Wengi hufika na fedha ya kozi ndefu mkononi wakakuta wanachosomea ni kozi fupi yenye hesabu nyingine kabisa.

Ukishapata ada, geukia tumbo na mahali pa kulaza kichwa. Ada ya kutwa ni nafuu kwa anayeishi Kayanga, Bugene au Omurushaka na anayeweza kurudi kula kwao. Kwa binti wa Kaisho au Murongo, kutwa maana yake ni kupanga chumba. Tofauti ya ada kati ya kutwa na bweni ni shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa mwezi. Hakuna mahali utakapopata chumba na chakula kwa kiasi hicho. Tuseme, kwa ajili ya kukokotoa tu, chumba ni 20,000 kwa mwezi na chakula ni 2,000 kwa siku. Mwezi mmoja umekula 80,000, na miezi kumi ya masomo imekula 800,000, zaidi ya mara kumi na tatu ya ada ya kutwa. Badili tarakimu hizo kwa bei za mtaa wako. Jibu halitahama sana. Kwa mtoto anayetoka mbali, nafasi ya bweni ni sehemu ya msaada wa fedha, na inafaa kugombewa mapema kuliko punguzo lolote la ada. Kama bweni limejaa, au halipo, ndugu anayeishi karibu na chuo ana thamani kuliko mfadhili wa ada, mradi mkubaliane tangu mwanzo nani ananunua unga, maharage na mafuta, ili udugu usije ukaingia doa mwezi wa tatu.

Kisha kuna vifaa, na hapa urembo una tabia yake. Anayejifunza kushona akiharibu kitambaa hukifumua akashona tena. Dawa ya nywele ikishapakwa imekwisha, gundi ya kope imekwisha, na rangi ya kucha nayo imekwisha. Fani hii hufundishwa kwa kutumia vitu vinavyoteketea kila siku, na swali zito kuliko ada ni nani anayevinunua. Kabla ya kulipa chochote, omba maelekezo ya kujiunga, ile karatasi inayoorodhesha michango mingine, sare, vifaa na malipo ya mtihani, uisome hadi mstari wa mwisho. Halafu uliza kwa mdomo yale ambayo karatasi haisemi. Dawa na rasta za mazoezi zinatoka chuoni au mfukoni mwa mwanafunzi? Mwanafunzi ataosha na kutengeneza vichwa vya watu halisi, au atamaliza na kichwa cha bandia kilekile? Sinki moja na draya moja zinagawanywa kwa wanafunzi wangapi? Chuo kinachotoza kidogo na kumwambia mwanafunzi ajinunulie kila kitu kinaweza kumgharimu zaidi ya kile kinachotoza mara mbili na kutoa kila kitu. Na chuo ambacho mwanafunzi wake hajawahi kumgusa mteja halisi ni ghali hata kingekuwa cha bure, kwa kuwa atalazimika kwenda kujifunza upya saluni.

Vyuo vya binafsi vina nafasi yao. Baadhi huchukua wanafunzi kila mwezi badala ya Januari tu, hufundisha mitindo mipya upesi, na hukubali malipo ya awamu. Ila fedha ya mzazi haina kinga huko isipokuwa ile aliyojiwekea mwenyewe. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza ambalo sasa ndilo linalosimamia pia vyuo vya ufundi stadi. Namba ya usajili si siri. Anayesitasita kuitaja ameshakujibu. Lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, si namba ya simu ya mtu, na dai stakabadhi kila awamu. Pata kwa maandishi nini kitatokea mwanafunzi akiugua au chuo kikifungwa kabla ya kozi kuisha. Hofu ya chuo kufungwa ina msingi. Marekani, ambako serikali kuu hutoa ruzuku na mikopo hadi kwa wanafunzi wa vyuo vya urembo, kampuni iliyoitwa Marinello Schools of Beauty ilifunga kampasi zake zote 56 Februari 2016, baada ya wizara ya elimu kuzikatia baadhi yake fedha hizo. Maelfu ya wanafunzi walibaki na kozi nusu. Kama hilo liliwezekana kwenye wakaguzi wengi na fedha nyingi, mzazi wa Isingiro asione haya kuuliza maswali magumu. Kulipa kwa awamu, hata pale unapoweza kulipa yote na kupata punguzo, ni bima ya bei nafuu kuliko zote.

Mfano wa Marekani una funzo lingine. Kule sheria za majimbo humlazimisha mtu kusoma saa kadhaa darasani kabla ya kupewa leseni ya kazi. California ilipunguza saa hizo kutoka 1,600 hadi 1,000 kuanzia Januari 2022, hoja mojawapo ikiwa kwamba saa nyingi huzaa madeni mengi. Kwetu hakuna sharti la saa kwa msusi wa Omurushaka. Hii ina maana kwamba hununui ruhusa ya kufanya kazi, unanunua ujuzi. Kila shilingi unayolipa chuoni ipimwe kwa swali moja tu: itaongeza nini mikononi mwa mwanafunzi?

Hapo ndipo pingamizi la kwanza huinuka. Kama hakuna sharti, na kama mteja haulizi cheti, kwa nini kulipia chuo chochote? Si kila saluni ya Kayanga ilianzishwa na mtu aliyejifunza kwa dada yake? Kwa misuko, pingamizi hili lina nguvu, na sitalikataa. Mkono wa kusuka huja kwa kusuka. Lakini kazi ya saluni leo si misuko tu. Dawa za kulainisha nywele nyingi hutengenezwa kwa kemikali kali zinazoweza kuunguza ngozi ya kichwa ndani ya dakika chache, na tofauti kati ya nywele zilizolainika na kichwa chenye vidonda ni kujua muda, kipimo, na nani asipakwe kabisa. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 ukaguzi wa vipodozi uko chini ya TBS. Msusi asiyejua kusoma kibandiko atawauzia wateja wake madhara na kuhatarisha biashara yake kwa faini. Zaidi ya hapo, cheti kina kazi yake mahali fulani mahususi: ajira katika hoteli na saluni kubwa za Mwanza au Dar es Salaam, na siku utakapotaka kufundisha wengine kwa malipo. Kwa hiyo jibu langu ni la katikati. Mkono upate saluni, ambako gharama ni ndogo; kemikali, usafi na hesabu zisomewe chuoni; na cheti kitafutwe kwa njia iliyo fupi.

Njia hiyo fupi ipo, na watu wachache sana wilayani huijua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 VETA imekuwa ikiendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza kazini hupimwa kwa vitendo, huelekezwa mapengo aliyonayo, hupewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha hutathminiwa na kupata cheti. Fani zinazofunguliwa hutofautiana kwa mahali na kwa mwaka, na mara kadhaa serikali imelipia gharama kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu, uliza kama ususi umo katika awamu ijayo na masharti ni yapi. Aliyekwisha kufanya kazi saluni miaka miwili au mitatu asikubali kirahisi kulipia kozi ya mwaka mzima ili afundishwe kushika kitana.

Kujifunza saluni nako kuna bei, ingawa haiandikwi ukutani. Wengine humlipa mwenye saluni kiasi walichokubaliana. Wengine hulipa kwa jasho, wanachota maji, wanafua taulo na kufagia nywele kwa miezi kabla ya kuguswa bega na kuambiwa washike kichwa. Wapo wanaosema huu ni unyonyaji mtupu na kwamba afadhali chuo. Unyonyaji upo, na dawa yake ni mkataba. Andikeni karatasi moja mbele ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa: atajifunza muda gani, mwezi wa ngapi ataanza kushika wateja, atafundishwa nini kwa mpangilio upi, atalipwa nini akianza kuingiza fedha, na nani anagharimia chakula cha mchana. Mwenye saluni mwaminifu hataogopa karatasi hiyo. Inamlinda naye dhidi ya mwanafunzi anayeondoka na wateja wake mwezi wa nne. Mzazi apite pale mara mojamoja bila taarifa. Binti anayefua taulo mwezi wa sita hafundishwi, anafanya kazi bila mshahara.

Sasa misaada, na nianze na usiokuwepo, maana ndio unaotumika kuwatapeli watu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kama jina lake linavyosema, ni ya elimu ya juu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 ilifungua mlango kwa baadhi ya stashahada za fani za kipaumbele, lakini kozi za ufundi stadi za saluni hazimo. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, kwani bodi yao, HELB, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na ni halali kuwauliza wabunge wetu kwa nini sisi bado. Ila hadi sheria ibadilike, mtu anayekuahidi mkopo wa Bodi kwa kozi ya urembo, na anayetaka umtumie kwanza ada ya usajili, ni tapeli.

Misaada iliyopo imesambaa, na inataka miguu. Programu ya taifa ya kukuza ujuzi, ambayo serikali imekuwa ikiiendesha tangu mwaka 2016/17, imekuwa ikiwalipia vijana mafunzo ya uanagenzi vyuoni. Matangazo yake hufika halmashauri na hukaa hapo muda mfupi, hivyo ofisi ya maendeleo ya jamii itembelewe mara kwa mara, si mara moja. Kwa msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo viko 54 nchini, Gera wilayani Missenyi kikiwa miongoni mwa vya mkoa wetu. Katika vyuo hivyo mpango wa Elimu Haina Mwisho umewapokea mama vijana pamoja na watoto wao wachanga, wakisoma sekondari kwa njia mbadala na ufundi kwa pamoja. Malezi ya mtoto saa za darasa ni msaada mkubwa ambao hakuna barua ya ufadhili inayoutaja, na kwa mama kijana ndio unaoamua kama atamaliza. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF itunze uthibitisho wake, kwa kuwa ndio ushahidi mwepesi wa hali ya kaya popote msaada unapogawiwa. Dayosisi ya Karagwe ya KKKT na Jimbo Katoliki la Kayanga, kupitia sharika na parokia, ni pa kuulizia pia, hasa kwa yatima. Popote utakapokwenda utaulizwa karatasi zilezile: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA kwa aliyetimiza miaka 18, cheti cha shule, barua ya mtendaji na barua ya kupokelewa chuoni. Ziandae zote kabla ya tangazo. Wengi hukosa nafasi wakiwa kwenye foleni ya cheti cha kuzaliwa.

Mkopo wa halmashauri nao hueleweka vibaya. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Si ya ada. Ni ya mradi. Ndiyo maana inafaa kwenye hesabu yetu ndefu, kwa kuwa inagusa ile sehemu ambayo familia nyingi hufika zikiwa hazina kitu, yaani kiti, kioo, sinki na pango la miezi ya mwanzo. Wanafunzi wanaotoka tarafa moja wakisajili kikundi wakiwa bado chuoni, wakafungua akaunti na kuweka akiba ndogondogo, watakuwa na historia ya kuonyesha wakimaliza. Utaambiwa kwamba mikopo hii hupatikana kwa kujuana, na kwamba vikundi hugombana. Malalamiko hayo yalisikika hadi serikali ikasimamisha mikopo hiyo Aprili 2023, na kuirudisha mwaka 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa. Kusimama huko kunatufundisha tusiuweke mpango mzima juu ya mkopo mmoja. Aliyehitimu kipindi kile akiwa na akiba ya kununua kioo na viti viwili vya plastiki alianza kazi. Aliyengoja halmashauri alingoja.

Hiyo akiba itoke wapi? Kwa wengi wa Karagwe na Kyerwa jibu ni kahawa, na hapa ndipo fedha nyingi ya elimu hupotelea. Mavuno huanguka katikati ya mwaka, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, na malipo hupitia vyama vya msingi vya ushirika vilivyo chini ya chama kikuu, KDCU. Masomo ya kozi ndefu ya VETA huanza Januari. Familia isiyojipanga hufika Januari mikono mitupu, ikaingia butura: kuiuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Serikali imelipiga vita jambo hilo miaka mingi, lakini tuliangalie kwa macho ya karani tu. Tuseme gunia litakalouzwa 200,000 mwezi Julai limechukuliwa Januari kwa 100,000. Umekopa laki moja kwa nusu mwaka na kuirudisha laki mbili. Hakuna benki wala kikoba kinachothubutu kutoza riba hiyo. Ada ya bweni ya 120,000 iliyolipwa kwa butura imegharimu familia 240,000, na mwaka unaofuata shamba linaanza na deni. Watu watasema shida haina ratiba, na kweli msiba na ugonjwa havingoji mavuno. Lakini ada ya Januari si msiba. Tarehe yake inajulikana mwaka mzima kabla. Ikiwa fedha ya kahawa imeingia Agosti, tenga siku hiyohiyo ada, nauli na chakula cha muhula wa kwanza, uviweke kikoba au benki ambako mkono hauvifikii upesi. Na kama kahawa haitoshi, bora binti aanze saluni ya jirani mwaka huu na chuo mwakani, kuliko kuanza chuo kwa butura na kukatisha Juni.

Kwa watu wa Murongo kuna hoja ya mpakani: Kikagati ni ng'ambo ya mto tu, Mbarara si mbali, na wasusi wa Uganda wana sifa. Kujifunza huko si kosa. Ongeza tu kwenye hesabu kubadilisha fedha, hati ya kusafiria na pango la mji mkubwa, na ukumbuke kwamba misaada yote niliyoitaja haivuki mto. Ukirudi na mkono mzuri bila cheti kinachotambulika huku, njia ya urasimishaji ndiyo itakayokufaa.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote: saluni zimejaa. Omurushaka zimepangana mlango kwa mlango, na msichana mwingine mwenye cheti atamsuka nani? Ni kweli kwa anayetaka kuweka draya na kioo katikati ya mji na kungoja. Si kweli kwa anayeanza mahali ambapo wateja hupanda bodaboda kwenda kusukwa. Kusuka na kufunga rola hakuhitaji umeme, nao umeme wa wilaya hizi, ambao kwa miaka mingi umetegemea njia inayotoka Uganda, umewafundisha watu kutouamini sana. Anza na misuko nyumbani au gengeni, pokea maharusi baada ya msimu wa kahawa, nunua draya kwa faida badala ya mkopo. Kwa kodi usiogope mapema: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, ila chukua TIN na uulize halmashauri kuhusu leseni, kwa sababu karatasi hizo ndizo zitakazoombwa siku ya mkopo. Soko finyu ni sababu ya kutumia fedha kidogo kwenye ada na nyingi kwenye kuanza. Halijawa sababu ya kutosoma.

Basi kabla hujatuma hata shilingi moja, chukua daftari uandike safu nne: ada na michango, kuishi, vifaa, kuanzia kazi. Jaza kila safu kwa bei ulizouliza mwenyewe, kisha andika pembeni nani atalipa nini na mwezi gani. Safu isiyo na jina la mlipaji ndiyo ya kushughulikia kwanza, hata kama ada umeshaipata yote. Na usingoje sikukuu za Desemba zipite: maombi ya VETA kwa masomo ya Januari hupokelewa kabla ya mwaka kwisha, kwa kawaida wakati fedha ya kahawa ingali mkononi.